Daftari Jekundu Mbele ya Kali

Mwaka Mpya wa Wabengali huangukia katikati ya Aprili, na siku hiyo wenye maduka wengi wa Kolkata hawauzi hata pini kabla hawajapeleka daftari la hesabu hekaluni. Daftari lenyewe ni jipya, refu, limejaladiwa kitambaa chekundu. Kuhani hulifungua ukurasa wa kwanza na kuchora kwa sinduri, unga mwekundu wa ibada, alama ya swastika, alama ya heri ambayo Wahindu walikuwa nayo karne nyingi kabla Wanazi hawajainajisi. Kisha huchovya sarafu katika sinduri hiyohiyo na kuigandamiza kwenye karatasi mpaka iache muhuri wa duara. Hapo ndipo mwenye duka anapokuwa na ruhusa ya kuandika deni la kwanza la mwaka.

Niliyaona haya katika hekalu la Dakshineswar, kaskazini mwa jiji, ukingo wa mashariki wa mto Hooghly, ambao ni mkono wa Ganges na ambao wenyeji huuita Ganga basi. Lililonitatiza ni kwamba hekalu hilohilo ndimo alimoishi kwa miaka 30 hivi Ramakrishna, mcha Mungu wa karne ya 19 ambaye wafuasi wake husimulia kwamba vidole vyake vilikuwa vikijikunja na kukakamaa vikigusa fedha. Wafanyabiashara wamepanga foleni, sarafu mkononi, waombe mwaka wa faida, tena katika ua wa mtu aliyefundisha kwamba tamaa ya mali ni pazia baina ya mja na Mola wake. Nilitaka kujua mambo mawili haya yanakaaje nyumba moja.

Sikwenda India kwa ziara ya dini. Nilimsindikiza shoga yangu mwenye duka la vitambaa Kariakoo, na Kolkata yetu sisi ilikuwa Burrabazar, soko la jumla lenye vichochoro vyembamba ambamo mchukuzi mwenye robota kichwani ndiye mwenye njia, wengine wote hujibana ukutani. Humo tulishinda tukipapasa pamba na hariri, tukipandisha na kushusha bei, tukinywa chai ya maziwa katika vikombe vidogo vya udongo ambavyo ukimaliza unavitupa. Wafanyabiashara wa Kimarwari, wenye asili ya Rajasthan, wameshika sehemu kubwa ya soko hilo, na wao hufungua madaftari yao mapya sikukuu ya Diwali. Lakini mzee aliyetuuzia mzigo wa mwisho alikuwa Mbengali. Akafunga hesabu, akatuambia kesho tusimtafute mapema, kwa kuwa alfajiri anapeleka daftari kwa Mama. Mama ndiye Kali, mungu wa kike wa Wahindu. Shoga yangu akanigeukia: "Basi na sisi twende, bibi wee. Kama kuna daftari linalohitaji dua, ni langu."

Reli ya chini ya ardhi ya Kolkata, iliyoanza mwaka 1984 ikiwa ya kwanza India, ilifikishwa Dakshineswar mwaka 2021. Ukitoka kituoni unakutana na daraja refu la waenda kwa miguu lililofunguliwa 2018, lina vibanda vinavyouza kitu kilekile: kikapu kidogo chenye shada la maua mekundu ya haibiskasi, yale tunayoyapanda kwetu kuwa uzio wa nyumba, vijiti vya udi, sinduri, na vitamu vya maziwa viitwavyo pera. Kila muuzaji anakuita, kila mmoja anaapa kwamba kikapu chake ndicho kizuri. Viatu, simu na mikoba huachwa nje. Shoga yangu alipokabidhi mkoba wenye pochi ndani yake alisoma Ayatul Kursi kimyakimya, akaniambia kwamba hiyo ndiyo kuipa dunia mgongo kwenyewe.

Foleni ilizunguka ua mara kadhaa. Mbele yangu alisimama mama wa makamo, sari nyeupe yenye pindo jekundu, amemshika mkono kijana wake. Nilimwita didi, kwa maana ya dada, kama wanavyoitana huko. Naye akautazama ushungi wangu, akanivuta nisimame kwenye kivuli cha mwavuli wake. Tulielewana kwa Kiingereza cha kuungaunga na Kihindi nilichookota kwenye filamu.

"Ukifika mbele," alinieleza, "walinzi hawakuachi usimame. Una nafasi ya kusema jambo moja. Liamue sasa hivi ni lipi."

Nikamuuliza yeye ameamua lipi. Akamwonyesha mwanawe kwa kidevu: anangoja matokeo ya mtihani. Nyuma yetu bwana mmoja mwenye daftari jekundu kifuani alikuwa na hoja ya duka, na bibi harusi mpya, mikono imejaa bangili, hakuhitaji kueleza hoja yake.

Mtu wa dini iliyonyooka angeweza kusema kwamba hawa ni wateja, si waja. Wahindu wenyewe hawasemi hivyo. Katika sura ya saba ya Bhagavad Gita, kitabu chao kitakatifu, mungu Krishna anataja watu wa namna nne wanaomwelekea: mwenye dhiki, mwenye kiu ya kujua, mwenye kutafuta mali, na mwenye hekima asiyeomba chochote ila Mungu mwenyewe. Wa nne ndiye kipenzi chake, lakini wote wanne anawaita waungwana. Tena mafundisho ya kale yanahesabu malengo manne halali ya maisha ya binadamu: dharma, ambayo ni wajibu na mwenendo mwema, artha, yaani mali na uwezo, "kama", yaani mapenzi na starehe, na mwisho moksha, kufunguliwa kutoka katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Mali na mapenzi yamo ndani ya orodha. Mwenye daftari na bibi harusi hawakuingia kwa mlango wa uani.

Tulipofika mbele nilimwona Kali kwa muda wa kupepesa macho. Sanamu ni ya jiwe jeusi, imesimama juu ya kifua cha mungu Shiva aliyelala, na Shiva amelala juu ya yungiyungi la fedha. Mikono ya kushoto ina upanga na kichwa kilichokatwa. Ya kulia inaondoa hofu na kutoa baraka. Kichwa kile, hueleza wacha Mungu wa Kali, ni ubinafsi wa mtu, ile "mimi na changu" inayopaswa kukatwa. Yule didi alisema lake moja, mlinzi akapunga mkono, tukatemwa nje kwenye ua mpana wenye jua kali na mawe yanayounguza nyayo. Mbele yetu hekalu lenye vilele tisa, urefu wake unapita mita 30. Upande wa mto, mahekalu 12 madogo ya Shiva yamepangwa sita kushoto na sita kulia ya ngazi za kuteremkia majini.

Yote haya yalijengwa kwa fedha za mwanamke mmoja. Rani Rashmoni alizaliwa mwaka 1793 katika familia maskini ya tabaka lililohesabiwa la chini, akaolewa na tajiri wa Kolkata, na mume alipofariki mwaka 1836 akazishika mali zote mwenyewe. Wabengali humkumbuka kwa ujanja wake dhidi ya Kampuni ya Waingereza ya India ya Mashariki: ilipowatoza wavuvi kodi ya kuvua mtoni, yeye alikodi kipande cha mto kihalali, akakifunga kwa minyororo hata meli zisipite, mpaka kodi ikaondolewa. Mwaka 1847 alikuwa amejiandaa kwenda kuhiji Kashi kwa msafara wa mashua. Inasimuliwa kwamba usiku wa kuamkia safari Kali alimjia ndotoni, akamwambia asiende mbali, amjengee hapohapo kando ya Ganga. Akanunua uwanja kwa Mwingereza, sehemu yake ikiwa makaburi ya zamani ya Waislamu, na ujenzi ukachukua miaka minane na rupia karibu laki 9. Hekalu lilipokamilika ikaja kashfa ya tabaka: Wabrahmini, watu wa tabaka la makuhani, walikataa kuhudumu katika nyumba ya mwanamke wa tabaka lake. Brahmini mmoja, Ramkumar, akatoa fatwa iliyomwokoa, kwamba akiliandikisha hekalu kwa jina la Brahmini kikwazo kimeondoka. Likafunguliwa tarehe 31 Mei 1855. Ramkumar akawa kuhani, na alipofariki mwaka uliofuata, kazi ikamwangukia mdogo wake, kijana wa miaka 20 ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Ramakrishna.

Kuna kisa cha Rani na kijana huyo ambacho husimuliwa kila mahali Dakshineswar. Siku moja Rani alioga mtoni, akaingia hekaluni, akaketi na kumwomba kuhani amwimbie Mama. Kijana akaimba. Katikati ya wimbo fikira za Rani zikateleza hadi mahakamani, kwenye kesi ya mali aliyokuwa nayo. Kijana akaacha kuimba, akamzaba kofi: hata hapa? Walinzi wakakimbilia, wajakazi wakapiga yowe. Rani akawazuia wote na kusema kwamba kuhani hana kosa.

Kisa hiki husimuliwa kuonyesha kwamba Ramakrishna aliweza kusoma moyo wa mtu. Mimi, nikiwa nimeketi kwenye kizingiti cha moja ya mahekalu ya Shiva, nilikiona ni kisa cha Rani. Mtu aliyelipa laki 9, ambaye mshahara wa kuhani unatoka mkononi mwake, anapigwa mbele ya watumishi wake na hamfukuzi. Kukataa fedha kunahitaji moyo, lakini kuwa nazo zote na bado kukubali kuonywa na mwajiriwa wako ni jambo gumu zaidi. Tena kesi ile haikuwa upuuzi mtupu, kwa sababu mali aliyoitetea ndiyo iliyowasha taa za hekalu. Februari 1861, akiwa mgonjwa, alitia saini hati ya kuliwekea hekalu wakfu, mapato ya mashamba yake huko Dinajpur yaligharimie milele. Alisaini tarehe 18. Akafariki tarehe 19. Kazi yake ya mwisho duniani ilikuwa karatasi ya mali, na sijui ibada gani ingempita hiyo.

Chumba cha Ramakrishna kiko pembe ya kaskazini-magharibi ya ua. Kimehifadhiwa na vitanda vyake viwili na picha za ukutani, na watu huketi sakafuni humo wakisali kwa muda wanaoutaka, hakuna mlinzi wa kuwahimiza. Nje yake ni baraza inayotazama mto. Ni kwenye ukingo wa mto huo ndipo inaposimuliwa kwamba alikaa na rupia katika mkono mmoja na udongo katika mkono wa pili, akijisemesha kwamba hii ni udongo na huu ni rupia, mpaka akaona havina tofauti, akavitupa vyote viwili majini. Rupia ile si ngeni kwetu: wazee wa pwani ya Afrika Mashariki waliitumia sokoni hadi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na pengine kuna walioitupia macho kwa jicho hilohilo.

Kwa maana somo hili pwani tunalijua. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliandika utenzi wa Al-Inkishafi akiuonya moyo wake mwenyewe, na shahidi aliyemleta ni magofu ya Pate, nyumba za matajiri zilizobaki makao ya popo na ndege. Masheikh wetu wanapofundisha zuhdi husema mali iwe mkononi, isiwe moyoni. Ramakrishna hakuitaka hata mkononi. Ila nilimpenda kwa jambo aliloliongeza mwenyewe alipokuwa akisimulia kisa cha rupia na udongo: kwamba baada ya kuitupa aliingiwa na hofu. Je, Lakshmi, mungu wa kike wa neema na utajiri, akiudhika na kumfungia riziki? Ikabidi amwombe akae moyoni mwake. Maneno yake tunayo kwa sababu mwalimu mmoja wa shule, Mahendranath Gupta, alikuwa akirudi nyumbani na kuandika kila alichokisikia. Kitabu chake, Kathamrita, kilianza kuchapishwa mwaka 1902. Mwandishi anayetaka kumtukuza shujaa wake angekiruka kipengele hicho. Yeye alikibakiza, na humo tunamwona mtu aliyejua kwamba jioni atataka wali.

Saa sita na nusu mchana hekalu hufungwa, Mama apumzike, mpaka baada ya saa tisa. Tukatoka kutafuta chakula. Kwenye mkahawa wa mabenchi nyuma ya vibanda mpishi alikuwa akikata fenesi bichi, ambalo Wabengali hulipika mchuzi mzito na kuliita mbuzi wa mtini kwa jinsi linavyofanana na nyama. Alikuwa amejipaka mafuta ya haradali mpaka kwenye viwiko. Shoga yangu alicheka: kumbe na huku! Hakuna mtoto wa Unguja au Tanga asiyejua kwamba utomvu wa fenesi ukikugusa mikono mikavu utakung'ang'ania siku nzima, bali ukitangulia na mafuta hauna nguvu nawe. Sasa, mfano huu ndio Ramakrishna aliowapa watu wenye familia na kazi waliokuja kumuuliza kama na wao wakimbilie msituni. Hapana, aliwajibu. Pakeni kwanza mafuta ya kumpenda Mungu, kisha likateni fenesi la dunia.

Kwa hao alikuwa mpole. Aliwasimulia habari za mtumishi wa ndani anayelea watoto wa tajiri, anawaita wanangu, anawabembeleza kwa mapenzi ya kweli, huku moyoni anajua kwao ni kijijini. Kwa watawa alikuwa mkali, na kisa chake kwao kilikuwa cha mtawa aliyemiliki winda tu. Panya wakalitoboa winda, akafuga paka awafukuze. Paka akataka maziwa, akafuga ng'ombe. Ng'ombe akataka malisho, akalima shamba. Shamba likataka vibarua na ghala. Mwalimu wake aliporudi miaka baadaye akakuta nyumba kubwa, akauliza haya yote ni ya nini. Ni kwa ajili ya winda langu, mwalimu. Shoga yangu aliposikia kisa hicho aliweka kijiko chini: "Hivyo hivyo. Mimi nilianza na cherehani moja."

Lakini kuna upande wa mafundisho haya ambao nilikuwa nikiuzunguka tangu asubuhi. Ramakrishna alipotaja vinavyomfunga mtu asifike kwa Mungu, alivitaja viwili kwa pamoja, tena na tena: mwanamke na dhahabu. Wafasiri wake hueleza kwamba makusudio ni tamaa ya mwili na tamaa ya mali, na kwamba alikuwa akizungumza na wanaume vijana. Kwa wanawake onyo lake liligeuka kuwa juu ya mwanamume. Maelezo hayo ni ya haki. Hata hivyo, mwanamke akikaa katika ua ule, akisoma ubao baada ya ubao, hawezi kuacha kujiuliza kama naye yumo kwenye orodha ya mizigo.

Jibu nililipata kwenye Nahabat. Ni mnara mdogo wa ghorofa mbili uliojengwa kwa ajili ya wapiga zumari na ngoma, hatua chache kutoka chumba cha Ramakrishna. Chumba cha chini kina pembe nane na kingekutosha kutandika mikeka michache tu. Mlango ni mfupi. Unainama au unajigonga. Humo aliishi miaka mingi Sarada Devi, mkewe. Waliozwa mwaka 1859, kwa desturi ya enzi hizo, yeye akiwa na miaka mitano na mume 23, na mwaka 1872, amekwisha kuwa msichana mkubwa, alitembea kutoka kijijini kwao Jayrambati kumfuata mume ambaye kijiji kizima kilisema ana wazimu. Ramakrishna alimpokea kwa heshima, hawakukaana kimwili maisha yao yote, na usiku mmoja alimketisha kwenye kiti cha mungu wa kike, akamwabudu kwa maua na maombi kama anavyoabudiwa Kali.

Hayo ndiyo yanayoandikwa kwa herufi kubwa. Herufi ndogo ni kwamba Sarada aliamka saa tisa usiku akaoge mtoni kabla wanaume hawajatoka, kisha akashinda ndani ya chumba kile nyuma ya mapazia ya mianzi, akipika. Tumbo la mumewe lilikuwa dhaifu, halikuweza vyakula vizito vya hekaluni, hivyo aliweka samaki hai chunguni waliokuwa wakirukaruka usiku kucha karibu na kichwa chake. Wageni wa mume walipoongezeka, aliwapikia na wao. Dari na kuta zilijaa vyungu na mifuko iliyoning'inizwa, na wakati mwingine wanawake waliokuja kusikiliza mafundisho walilala humohumo naye.

Tajiri mmoja wa Kimarwari, Lakshminarayan, alitaka kumpa Ramakrishna rupia 10,000 awe na riziki ya kudumu. Ramakrishna alikataa kwa uchungu, kisha, kwa kumjaribu, akamwambia mkewe azipokee yeye. Sarada akajibu kwamba haiwezekani: nikizipokea mimi, utakuwa umezipokea wewe, maana nitazitumia kukuhudumia. Tazama jibu hilo. Halina hofu ya sarafu na wala vidole havikakamai. Ni jibu la mtu anayejua kila punje ya mchele inakotoka na inakokwenda, anayeshika senti za nyumba kila siku, na kwa hesabu hiyohiyo anaona zawadi ile itaishia wapi. Mume aliiona fedha kuwa sumu. Mke aliisoma kama daftari, akafika palepale.

Ramakrishna alifariki kwa saratani ya koo tarehe 16 Agosti 1886. Posho ya rupia 7 kwa mwezi aliyokuwa akipewa Sarada na hekalu ikakatwa na wasimamizi. Mjane akarudi Kamarpukur, kijiji cha mumewe, akalima mboga zake, na zilikuwapo siku alizokula wali bila hata chumvi. Hakumwambia mtu. Hapo nadhani nilielewa kilichokuwa kinanikera tangu mwanzo. Kutogusa fedha kunawezekana pale ambapo kuna Rani aliyeweka wakfu, mkwewe Mathur anayelipia mavazi na safari, na mwanamke wa Nahabat anayeamka saa tisa. Wao walibaki na dunia mikononi ili mmoja wao aweze kuiachia. Sisemi kwamba hilo linamshusha Ramakrishna. Hakuwahi kujifanya anajitegemea, na alimwita mkewe kwa heshima ambayo wanaume wengi wa zama zake wasingeijua. Nasema kwamba ibada ya Dakshineswar haikuwa ya mtu mmoja chumbani mwake. Ilikuwa ya watu wanne au watano, na waliogusa fedha walikuwa wengi kuliko aliyeikataa.

Alasiri tulishuka ngazi za mto tukapanda mashua ya abiria kuelekea Belur Math, ng'ambo ya magharibi, chini kidogo ya mkondo. Ndiko makao makuu ya watawa walioanza na wanafunzi wa Ramakrishna. Kiongozi wao alikuwa Narendranath Datta, ambaye dunia ilimjua baadaye kwa jina la Vivekananda. Kijana huyu naye ana kisa cha foleni. Baba yake, mwanasheria, alifariki mwaka 1884 akaacha madeni, na nyumba iliyokuwa na neema ikaanza kulala njaa. Narendra akamwomba mwalimu wake amwombee kwa Kali. Ramakrishna akamwambia aende akaombe mwenyewe. Akaenda, akasimama mbele ya ile sanamu nyeusi, na badala ya fedha akajikuta anaomba utambuzi, moyo wa kujinyima, elimu na mapenzi ya Mungu. Mwalimu akamrudisha. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu aliona aibu kuomba vijisenti mbele ya ukuu ule. Basi Ramakrishna akamwahidi kwamba ndugu zake hawatakosa chakula cha kawaida na nguo ya kawaida.

Kuna wanaousikia ushindi wa roho tu katika kisa hicho. Mimi nilikuwa nimetoka kusimama na didi na mwanawe, na nilisikia zaidi mwisho wake. Nafasi moja ya kusema jambo moja, naam; lakini mwalimu hakuliacha suala la wali wa mama yake Narendra likining'inia. Aliyeomba Mungu akapewa Mungu, na jikoni kwao pia pakakumbukwa.

Pengine ndiyo sababu Vivekananda alipoasisi Ramakrishna Mission tarehe 1 Mei 1897 hakuanzisha kundi la watu wa kukaa pangoni. Shabaha waliyoiandika ni mbili kwa pamoja: wokovu wa nafsi na manufaa ya ulimwengu. Watawa wake, nguo za rangi ya zafarani, huendesha shule na hospitali, hupeleka chakula kwenye mafuriko. Hekalu kubwa la Belur, lililofunguliwa Januari 1938, limejengwa makusudi ili ukiliangalia upande mmoja uone hekalu, upande mwingine kanisa, na mwingine msikiti. Na kando yake, ndani ya nyumba ya wafuasi wa mtu aliyetupa rupia mtoni, kuna dirisha la kupokea michango, na nyuma ya dirisha kuna mtu anayehesabu noti kwa kidole chenye mate, bila kukakamaa hata kidogo, na kuandika.

Shoga yangu alitoa noti kadhaa, ziende kwenye hospitali. Yule karani alimshukuru kwa kuinamisha kichwa. Yeye hakuondoka. Akabisha dirishani tena, akaomba risiti. Nikamnong'oneza kwamba sadaka haidaiwi risiti.

"Si kwa ajili yangu," akasema. "Ni kwa ajili ya daftari. Mwisho wa mwaka nikikuta pengo nitadhani nimeibiwa, nianze kumdhania mtu wa watu bure."

Risiti ilikuwa tayari. Karani alikuwa ameiandika kabla hajaombwa, jina, tarehe na kiasi, na nakala yake imebaki kwenye kitabu chake. Vivekananda alikuwa mkali sana juu ya hesabu za fedha za umma, na utaratibu huo umedumu. Nilipomtazama karani yule na shoga yangu wakikaguliana tarakimu, sikuona tena ule ugomvi wa asubuhi baina ya daftari jekundu na rupia iliyozama mtoni. Sarafu ikipita mikononi mwa watu wanaojua si yao, haihitaji kutupwa majini.

Sina ugomvi na wanaoikimbia dunia. Wengine wameitwa kwa njia hiyo, na Ramakrishna alikuwa mmoja wao. Ila tangu Dakshineswar nikisikia mtu anasifiwa kwa kuipa dunia kisogo, nauliza kwanza ni nani aliyebaki ameitazama kwa niaba yake, na kama posho yake bado inalipwa.